Jinsi ya kufunga data loga kwenye friji ya dawa ikuamshe kweli usiku

Shemeji yangu ana duka la dawa, na kwenye friji yake ndogo ya kawaida anaweka insulini, oksitosini na chanjo ya pepopunda, vyote vinataka kukaa nyuzi 2 hadi 8. Tulimfungia data loga ya waifai, ile inapima joto kila dakika 15 inarusha intaneti, unafungua simu unaona mchoro, tukajiona tumemaliza kazi. Jumamosi moja kafunga duka kaenda zake, usiku LUKU ikaisha, friji ikazima na ruta ikazima nayo. Loga ilikuwa na betri, ikaendelea kupima vizuri tu na kuandika kwenye memori yake, ila njia ya kutolea habari hamna. Jumatatu asubuhi kanunua umeme, ruta ikawaka, simu ikaanza kulia meseji kumi na nne kwa mpigo, joto limepanda, joto limepanda, joto limepanda, na yeye kashika dekio anakausha maji sakafuni.

Kwa hiyo ukienda kununua usianze kuuliza inapima kwa usahihi gani, uliza umeme ukikatika itaongea kwa njia gani. Mi sa hivi nachukua ya laini ya simu yenye betri ya kukaa siku mbili tatu bila umeme, na iwe inaweza kutuma meseji ya kawaida pale data inapogoma. Kama tayari unayo ya waifai usiitupe, kainunulie ruta ile UPS ndogo ya volti 12, yaani betri ya kuishikilia umeme ukikatika, ila jua itashika masaa machache tu sio wikiendi nzima. Na angalia waifai iwe ya 2.4GHz, nyingi hazioni ile ya 5 kabisa, utahangaika na paswedi nusu siku kumbe kosa sio paswedi.

Laini isajiliwe kwa jina la mwenye duka, sio la fundi, maana fundi akihama au mkigombana umekwisha. Itoe PIN ukiwa bado kwenye simu, weka APN ya mtandao wako (lile jina la kuunganishia intaneti ya laini) kwenye setingi za loga, halafu bando. Kwa kupima kila dakika 15 unapata vipimo 96 kwa siku, ni vitu vidogo sana, yangu haijawahi kufika MB 50 kwa mwezi, tatizo ni tarehe ya bando kuisha, hiyo iandike kwenye kalenda ya simu kama unavyoandika kodi ya fremu.

Loga yenyewe ikae nje ya friji. Ukiiweka ndani lile bati linakula netiweki na baridi inamaliza betri. Inaingia sensa tu, yaani kile kipimio cha joto chenye waya, na waya wake upite upande wa bawaba, ukipita upande wa kushikia mlango utabanwa kila siku mpaka ukatike. Kichwa cha sensa kiweke katikati ya shelfu zilipo dawa, sio mlangoni, sio kikagusa ukuta wa nyuma unaoganda. Na usikiache kinaning'inia hewani, kitumbukize kwenye kichupa kidogo cha gliserini, hapo kitafuata joto la dawa zenyewe badala ya kuruka kila mtu anapofungua mlango.

Kabla ya kufunga ipime na barafu. Ponda barafu ijae kikombe, mimina maji kidogo yajaze nafasi, koroga, zamisha sensa isiguse kikombe, subiri dakika kama tano. Inatakiwa isome 0, ikicheza nusu nyuzi juu au chini sio mbaya, ikisoma 1.8 basi kwenye setingi ipunguze 1.8, na kama haina sehemu ya kurekebisha irudishe dukani.

Alamu ndio wengi wanaharibu. Wanaweka ilie papo hapo ikigusa 8, mchana wateja wengi mlango unafunguliwa kila saa, inalia mara ishirini, siku ya tatu mtu anazima sauti. Weka ucheleweshaji, mi naweka dakika 30 kwa joto la juu. Upande wa chini usilegeze, insulini ikishaganda imekufa hata ikiyeyuka ikaonekana safi kabisa, na chanjo ya pepopunda hivyo hivyo. Zile loga za siku 30 za chanjo zinazokubaliwa na Shirika la Afya Duniani zinahesabu tatizo likizidi 8 kwa masaa 10 mfululizo, lakini kwa nyuzi -0.5 ni dakika 60 tu. Wewe weka onyo likigusa 2, hata hujasubiri kuganda.

Kisha kuna alamu moja watu hawaiwashi, ile ya kifaa kunyamaza, yaani seva, ile kompyuta ya mtandaoni inayopokea vipimo vya loga, isipopata kipimo saa nzima ikupigie. Ingekuwa imewashwa kwa shemeji angejua Jumamosi ile ile. Weka na namba zaidi ya moja, na moja iwe ya mtu anayelala karibu na duka mwenye funguo, kunipigia mimi niliye mkoa mwingine inanipa presha tu.

Halafu saa. Seva nyingi zinaandika UTC, ile saa ya kimataifa, sisi tuko masaa matatu mbele. Mchoro wa shemeji ulionyesha umeme umekatika 19:40, akabisha kwamba muda huo alikuwa bado anauza, kweli, maana huku ilikuwa saa nne na dakika arobaini usiku. Badilisha iwe saa za Afrika Mashariki mwanzoni kabisa.

Ukimaliza jaribu. Kwanza chomoa sensa kwenye kichupa uikamate kiganjani mpaka onyo lije. La pili fanya usiku watu wamelala, dawa zimehamishiwa kwenye kuluboksi, zima friji na ruta bila kumwambia mtu, uone nani anapiga simu na baada ya muda gani. Kwa shemeji ilituma vizuri ila simu yake ilikuwa sailenti, tukabadilisha iwe inapiga badala ya meseji. Na ukishamaliza kujaribu rudisha plagi, mi niliwahi kuisahau.