Kabla hujalipia kronografu ya zamani

Ukishika kronografu ya zamani ya kutia ufunguo, yaani saa ya mkono yenye vitufe na mishale ya kupimia muda, usikimbilie jina lililoandikwa usoni. Bonyeza kitufe cha juu, uache mshale mrefu wa katikati uzunguke dakika 2 au 3, uone kama kale kamshale ka kuhesabu dakika kanasogea ipasavyo. Simamisha, ndipo ubonyeze cha chini: mshale urudi kwenye 12 kamili, si pembeni kidogo. Usiurudishe ukiwa bado unatembea, unaweza kuumiza mtambo, isipokuwa saa iwe imeundwa hivyo.

Halafu chukua lenzi. Herufi zilizovimba au kupinda mara nyingi ni dalili ya uso uliopakwa upya, na hapo thamani hushuka sana. Mimi madoa ya uzee hayanisumbui. Rangi mpya ndiyo hunikimbiza.