Cheni ya baiskeli hapa Dar inakufa kwa mchanga na chumvi, ujue kuitunza

Kila nikikutana na mtu kwenye raidi ya Jumapili swali la kwanza ni umefunga gia gani, rimu gani, shingapi, alafu ukiangalia cheni yake imekuwa nyekundu kwa kutu na inalia kama panya. Jamani anzeni na cheni kwanza. Dar hii ukipita Daraja la Tanzanite jioni upepo wa bahari unakupiga, ukikatiza njia za ndani kule Kigamboni ni mchanga mtupu, na vyote hivyo vinaganda kwenye oili vinakuwa msasa unaokula chuma taratibu.

Mimi nafuta kila wiki, na siku nikinyeshewa nafuta siku hiyohiyo, sisubiri kesho. Chukua tisheti iliyochakaa, shika nayo cheni kwa chini, zungusha pedeli kinyumenyume mpaka weusi upungue. Kama uchafu umeganda, chovya mswaki wa zamani kwenye mafuta ya taa kidogo usugue, ila usimwage ovyo maana yakiingia kwenye habu (kitovu cha gurudumu) yanaosha grisi ya gololi, na yakigusa breki utajua mwenyewe kwenye mteremko. Alafu acha IKAUKE. Watu wengi wanaharibu hapa, wanaweka oili wakati mafuta ya taa bado yapo, oili inayeyuka yote kazi bure.

Oili sasa, tone moja moja kwenye kila kiungo, upande wa ndani wa cheni, zungusha kidogo, subiri dakika kumi hivi, alafu futa nje pabaki pakavu kabisa. Oili inafanya kazi ndani kwenye pini, iliyobaki nje inakuitia mchanga tu. Ile oili chafu ya gereji ambayo fundi anakupaka bure mimi siitaki, ni nzito na ina vumbi la chuma tayari. Ya cherehani ni nyepesi, kiangazi sio mbaya, ila masika mvua moja tu imekwisha.

Kujua kama cheni imechoka huhitaji fundi, tafuta rula ya inchi 12. Weka sifuri katikati ya pini moja, vuta cheni ikaze, hesabu pini 24 mbele (ile ya kuanzia usiihesabu), ya 24 inatakiwa ikae palepale kwenye inchi 12. Ikipitiliza milimita moja na nusu, badilisha cheni. Ukizembea mpaka ifike milimita tatu basi ujue na friwili (yale meno ya gurudumu la nyuma) imeshaliwa, ukifunga cheni mpya peke yake itaruka meno kila ukikanyaga kwa nguvu, kwa hiyo utanunua vyote viwili, na hapo bei sio ya cheni tena.

Kuhusu kuapgredi, hela ikipatikana mi naona breki shuu na tairi kwanza, gia baadaye sana. Baiskeli nyingi za resi za mtumba zinakuja na tairi nyembamba 700x23 (hiyo 23 ni upana kwa milimita), kwa mashimo yetu ni pancha na maumivu ya mgongo, kama fremu na breki zina nafasi weka 28 au 32, na upepo ufuate namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, usijaze mpaka mwisho kisa pampu unayo. Ukibadilisha pedeli kumbuka ya kushoto inafunguliwa kinyume na ya kulia, usije ukaining'inia na spana mpaka nati iharibike.

Kwa raidi zenyewe, Jumapili toka mapema kabla daladala hazijachangamka, Barabara ya Bagamoyo mpaka Bunju na kurudi inatosha kwa mtu wa kawaida, mwenye hamu ya milima aende Pugu hadi Kisarawe, taa nyekundu ya nyuma iwake muda wote hata kukiwa kumekucha. Ukirudi na mchanga wa ufukweni, maji ya ndoo na kitambaa yanatosha, usiipeleke ikapigwe ile mashine ya kuoshea magari, presha inasukuma maji mpaka kwenye gololi, baada ya muda utasikia kwarakwara halafu uanze kumlaumu aliyekuuzia.