Nyumba ya kwanza Texas: anzia kwenye karatasi za benki

Ukurasa mmoja wa taarifa yangu ya benki ulirudi kutoka kwa mchunguzi wa mikopo ukiwa na duara la kalamu nyekundu. Ndani ya duara: dola 6,000, pesa taslimu, zimeingia siku moja. Pembeni kaandika, zimetoka wapi?

Zilikuwa zangu. Nilikuwa nimepokea mchezo, yaani upatu. Tuko 12, karibu wote tunatoka Tanga na Mombasa, kila mmoja anatoa dola 500 kwa mwezi, na zamu yangu ilikuwa imefika. Kwetu hilo halina haja ya maelezo. Kwa benki ya Marekani, pesa iliyoingia kwa mkupuo bila karatasi huenda ni mkopo uliofichwa, na mkopo uliofichwa unapunguza uwezo wako wa kulipa. Kukusanya ushahidi kulituchukua wiki tatu, na nyumba tuliyoipenda ikachukuliwa na mwingine.

Jambo nililojifunza baadaye, na ambalo natamani kila mtu wa upatu alijue, ni kwamba kanuni za FHA, yaani mikopo inayodhaminiwa na serikali, zinakubali pesa za vikundi vya kuweka akiba kama vyetu. Sharti ni uthibitisho kwamba kikundi kipo, kimekuwepo kwa muda gani, na wewe ulipokea. Kwa hiyo kijumbe, yule anayesimamia upatu, awe na daftari. Majina, tarehe, kiasi, nani kapokea lini. Bora zaidi, michango ipite benki badala ya kukabidhiana bahasha msikitini au kanisani. Tena pokea mapema: wakopeshaji kwa kawaida huomba taarifa za miezi miwili ya mwisho, hivyo pesa iliyotulia kwenye akaunti tangu miezi minne nyuma haileti maswali mengi.

Ndugu akikuchangia, aandike barua fupi kwamba ni zawadi na hairudishwi, na atume kutoka akaunti yake kwenda yako. Mama akiuza kiwanja nyumbani ili akusaidie, tunza mkataba wa mauzo na risiti ya kutuma pesa, vyote vitafsiriwe Kiingereza.

Kipato nacho kinasomwa kwa jicho hilohilo. Wengi wetu tunaishi kwa saa za ziada kwenye nyumba za wazee au hospitalini. Benki huzihesabu saa hizo ikiona umezifanya kwa mfululizo, mara nyingi miaka miwili. Wanaoendesha malori au teksi za programu wakiwa wamejiajiri hupata pigo jingine. Mhasibu anakukatia kila gharama ili kodi iwe ndogo, unafurahi mwezi wa nne, kisha ukienda kuomba mkopo benki inaangalia kile kilichobaki baada ya makato. Umeingiza dola 90,000, karatasi inasema 31,000. Ukipanga kununua nyumba, mwambie mhasibu wako miaka miwili kabla.

Kuhusu malipo ya awali, ile habari ya kwamba lazima uwe na asilimia 20 imewazuia watu wengi bure. FHA hudai asilimia 3.5 kama alama zako za mikopo, zile zinazoonyesha unavyolipa madeni, ni 580 au zaidi, na ipo mikopo ya kawaida ya asilimia 3 kwa anayenunua mara ya kwanza. Ukitoa chini ya asilimia 20 utalipia bima ya mkopo, inayomlinda mkopeshaji usipolipa. Kwenye mkopo wa kawaida unaweza kuomba bima hiyo iondolewe deni likishuka hadi asilimia 80 ya thamani ya awali. Kwenye FHA, ukitanguliza chini ya asilimia 10, inakufuata mpaka mwisho wa mkopo. Weka pia akiba ya gharama za kukamilisha ununuzi, kati ya asilimia 2 na 5 ya bei. Na jueni kwamba tangu Mei 25, 2025, asiye raia wala mkaaji wa kudumu hapati tena mkopo wa FHA. Mwenye viza ya kazi aulizie mikopo ya kawaida.

Kwa Waislamu wanaokwepa riba, zipo kampuni zinazofanya kwa murabaha, yaani inanunua nyumba na kukuuzia kwa faida inayojulikana, au kwa ubia unaopungua, yaani mnamiliki pamoja nawe unanunua sehemu yake kidogo kidogo. Soma mkataba wote na umwonyeshe sheikh unayemwamini, maana majina yanafanana kuliko masharti.

Texas ina kitu kimoja kizuri ambacho watu hukipoteza kwa haraka. Ukisaini mkataba, mbali na arubuni, unalipa ada ndogo inayokununulia siku kadhaa, aghalabu 5 hadi 10, za kujitoa kwa sababu yoyote na kurudishiwa arubuni yako. Usikubali kuziacha siku hizo ili ofa yako ipendeze. Ndani yake ndimo unapomleta mkaguzi, unayemchagua mwenyewe.

Nenda naye. Udongo wa huku Dallas ni mfinyanzi. Ukame ukija unasinyaa, mvua ikija unavimba, na msingi wa nyumba unacheza nao. Mkaguzi wetu alifunga mlango wa chumba cha nyuma, akaachia, ukafunguka taratibu wenyewe. Kisha akanionyesha ufa mwembamba uliokata mshazari kutoka kona ya fremu hadi darini, umepakwa rangi juzi tu. Tulijitoa siku ya sita.

Sasa kodi ya nyumba. Jimbo hili halitozi kodi ya mishahara, kwa hiyo nyumba ndiyo inayobeba mzigo. Mwenye nyumba mpya awe macho zaidi: thamani hukadiriwa Januari mosi, na kama siku hiyo kiwanja kilikuwa kitupu, bili ya mwaka wa kwanza ni ya kiwanja tu. Jirani yangu alilipa benki dola 2,100 kwa mwezi, mkopo na kodi pamoja, mwaka mzima, kisha barua ikaja: 2,850, kwa sababu kodi ilikuwa imefika kwenye nyumba yenyewe na upungufu wa nyuma ulitakiwa kufidiwa. Usikubali makadirio ya muuzaji. Uliza kiwango cha kodi cha eneo hilo, kizidishe kwa bei kamili ya nyumba, ugawe kwa 12.

Siku za mwisho kabla ya kusaini, ukipata barua pepe kwamba akaunti unayotakiwa kupeleka pesa imebadilika, usitume hata senti. Ni wezi. Piga simu kwa kampuni ya hati, ile inayosimamia uhamisho wa umiliki, kwa namba uliyopewa mwanzoni, si ile iliyo kwenye barua hiyo.

Ukishahamia, badilisha anwani kwenye leseni yako ya udereva, kisha peleka kwa ofisi ya kaunti inayokadiria thamani fomu ya nafuu ya kodi kwa anayeishi kwenye nyumba yake, kabla Aprili 30 haijapita. Nafuu hiyo hupunguza kodi ya shule, na kuanzia mwaka unaofuata huzuia thamani inayotozwa kodi isipande zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Utaletewa barua zenye nembo za kutisha zikitaka ulipie huduma ya kuijaza. Fomu ni ya bure, na ni kurasa chache tu.