SOMO: Kufua hariri ya tope ya Guangdong bila kuichubua

Wakuu, naliweka hapa moja kwa moja kwa sababu swali ni lile lile kila wiki: "gauni limetoka mabaka, nifanyeje?" Ukishatoka mabaka hakuna cha kufanya. Soma kabla ya kulowesha.

Tunaongelea xiangyunsha, ndilo jina la hariri hii ya tope, ya Shunde huko China, jirani kabisa na Guangzhou wanakofunga mzigo wafanyabiashara wetu. Hariri nyeupe inalowekwa kwenye maji ya shuliang, kiazi cha jamii ya viazi vikuu chenye tanini nyingi (ule ukali unaokaza ulimi kwenye chai kali), inaanikwa juani, inarudiwa tena na tena. Mwisho inapakwa tope la mto lenye chuma, upande mmoja tu, kabla jua halijachomoza. Chuma kikikutana na tanini ndipo unatoka ule weusi unaong'aa. Upande wa pili unabaki hudhurungi kama chai ya rangi. Weusi huo umekaa juu ya uzi kama ngozi. Ndiyo maana unachubuka.

1. Beseni la plastiki, maji baridi.
2. Geuza nguo ndani nje.
3. Shampuu ya kawaida, nusu kijiko cha chai kwa lita 5. Hariri ni protini kama nywele. Sabuni ya mche ina alkali, na za unga zinazojisifu kula madoa mara nyingi zina vimeng'enya vinavyokula na uzi wenyewe. Jiki inaiyeyusha.
4. Dakika 3 hadi 5, bonyeza kwa viganja. Usifikiche. Usikamue.
5. Suuza kwa maji matupu. Hapa ndipo nilipoharibu, na ndipo wengi mnapoharibu. Hariri ya kawaida huwa tunaimalizia na siki kidogo ili ing'ae. HII USIITIE SIKI WALA LIMAU. Asidi inang'oa chuma kwenye tanini, weusi unageuka kahawia, na haurudi. Kosa la pili ni kinyume chake: chuma kuzidi. Upande wa hudhurungi bado una tanini inayongoja chuma, kwa hiyo ndoo yenye kutu, msumari wa kamba au maji ya kisima yenye kutu yatakuachia madoa meusi.
6. Viringisha ndani ya taulo inyonye maji, anika kivulini kwenye henga ya plastiki.
7. Pasi ya moto mdogo, upande wa ndani. Usipige upinde; pale kwenye mkunjo ndipo rangi huanza kukatika.

MASWALI

Bint_Makorora: Mashine ya kufulia je, ile "delicate"?
Jibu: Hapana.

Kaka Mzigo: Mimi nimetia siki kijiko kimoja tu, mbona imepauka?
Jibu: Rudi namba 5. Niliiandika kwa herufi kubwa.

Kaka Mzigo: Sasa si ungesema mwanzoni mkuu, watu tuna haraka.
Jibu: Kitambaa hiki kinangoja jua siku kwa siku kutengenezwa. Dakika mbili za kusoma hazijakuzidi.

Mama Shuka: Nitajuaje siuziwi poliesta?
Jibu: Dada, angalia pande zote mbili, lazima zitofautiane. Kisha chomoa uzi mmoja pembeni ya pindo uuchome: hariri inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika vidoleni, poliesta inayeyuka na kuacha kishanga kigumu.

Fundi Pwani: Kwetu magome ya mkandaa, mti wa jamii ya mikoko, yanatoa rangi nyekundu ya udongo. Nikipaka na tope la mikokoni nitapata weusi kama huo?
Jibu: Swali zuri sana, ndugu. Mkandaa una tanini nyingi, kwa hiyo njia ni ile ile. Chemsha magome, chuja, acha yapoe ndipo ulowekee kitambaa. Kausha, rudia walau mara 6 kabla ya tope. Tope la mikokoni lina chumvi, lisuuze sana. Anza na kipande cha kiganja. Na usilaze tope usiku kucha: chuma kikizidi, hariri inakatika yenyewe baada ya miaka. Ukipata matokeo weka picha, pande zote mbili.

Bint_Makorora: Na ya mikono?
Jibu: Kama unauliza kufua kwa mikono, ndiyo somo zima hilo, mdogo wangu.