Kabla hujatoka nje kusaka supanova: mambo ya kuzingatia kwa sisi wa Mbeya, Iringa na Njombe

Wengi wanadhani supanova, yaani nyota inayolipuka na kung'aa ghafla, ni ya wenye madarubini makubwa tu. Februari 1987 kule Chile, kituo cha kutazama anga cha Las Campanas, Oscar Duhalde alitoka nje usiku akaangalia Wingu Kubwa la Magellan (galaksi ndogo jirani na yetu) akaona nyota ambayo haikuwepo, macho matupu kabisa, na usiku huohuo mwenzake Ian Shelton akaikuta kwenye picha aliyopiga, huku New Zealand naye Albert Jones akaiona. Duhalde aliiona kwa sababu hiyo sehemu alikuwa anaijua kama mtu anavyojua uwanja wa kwao. Kwahiyo jambo la kwanza ni kuijua anga ya siku za kawaida, huwezi kumtambua mgeni kama hata wenyeji huwajui.

Usijaribu kuijua anga yote, chagua vipande viwili tu. Cha kwanza ni hilo hilo Wingu, na hapa kwetu tuna bahati maana linapanda mpaka nyuzi 30 hivi juu ya upeo wa kusini, ni ngumi tatu ukinyoosha mkono, watu wa Ulaya hawalioni kabisa. Shida ni kwamba jioni linakaa vizuri Desemba na Januari, na nyie mnajua mvua za Mbeya miezi hiyo. Dawa yake amka saa kumi alfajiri mwezi wa tisa, tafuta Suheli, ile nyota nyeupe kali upande wa kusini mashariki, halafu sogea kulia kama ngumi mbili, utaona kitu kama kipande cha ukungu kilichosahaulika angani. Kipande cha pili ni pale kwenye kundi la nyota la Nge, Julai saa nne usiku panakuwa karibu utosini na Njia ya Maziwa imejaa. Supanova ya mwisho ya galaksi yetu iliyoonekana kwa macho, ile ya 1604 aliyoifuatilia mwanaanga Kepler, ilitokea jirani tu na hapo. Chora hivyo vipande kwenye daftari kwa mkono wako. Nasisitiza mkono, picha ya simu haikai kichwani.

Baridi ya huku si ya kuchezea. Makete na Kitulo mwezi wa sita na wa saba asubuhi unakuta barafu kwenye majani, kwahiyo mzula, koti zito, soksi mbili, blanketi la kukalia maana baridi ya chini ndo inayokutoa mapema, na chai ya tangawizi kwenye chupa. Darubini ya mikono ya 7x50 au 10x50 (inakuza mara 7 au 10, kioo cha mbele milimita 50) inatosha, ila itoe nje mapema ipoe, usiipulizie pumzi kwenye kioo. Tochi ifunge kitambaa chekundu, macho yanahitaji kama nusu saa kuzoea giza na ukiwasha simu mara moja unaanza upya. Kuanzia Agosti watu wanachoma mashamba, moshi unakaa chini bondeni, panda juu kidogo.

Na mwambie mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji mapema. Hili nalisema kwa uzito wote. Mtu amekaa mlimani saa nane usiku na blanketi anaangalia juu, huku kwetu anaweza kuitwa mwizi au mchawi kabla hajajieleza. Usiende peke yako.

Sasa umeona nyota mpya. Tulia. Ikitembea ndani ya dakika chache ni ndege au setilaiti. Ikiwa haimetimeti na ipo kwenye njia ya jua na mwezi, karibu hakika ni sayari, Mshtarii na Zuhura wamedanganya wengi, fungua Stellarium, programu ya ramani ya anga, uhakikishe (iweke rangi nyekundu). Kama baada ya saa nzima haijasogea hata kidogo kati ya majirani zake na kwenye mchoro wako haipo, andika muda. Wenzetu wa nje wanatumia UTC, saa za pamoja za dunia, kwahiyo saa nne usiku yetu ni 22:00, toa 3 inakuwa 19:00. Andika pia inalingana mwanga na nyota ipi ya jirani. Halafu angalia kwenye Transient Name Server, tovuti ya kuandikisha supanova mpya, kama imeshaandikishwa, kama haipo toa taarifa usiku huohuo. Duhalde hakusema kitu mpaka Shelton alipoleta habari.

La mwisho jiandikishe SNEWS, mtandao wa kutoa tahadhari ya mapema ya supanova, ni bure, wanatuma email. Mwaka 1987 mitambo ya Japani, Marekani na Urusi ya kisovieti ilinasa nyutrino (chembe ndogo mno zinazotoka kwenye mlipuko) saa kadhaa kabla mwanga haujaonekana, ndo maana mtandao huu upo. Iwekee mlio wake peke yake kwenye simu, na bando lisiishe.