Gcc inalia laibrari haipo? Fanya hivi

Wana wa Unguja na Pemba mnaokompaili programu za C kwa gcc kwenye Ubuntu, sikilizeni. Soma erori ya mwanzo, zile za chini mara nyingi kelele tu. Chukua mfano wa zlib, laibrari ya kubana data: ukiona zlib.h: No such file or directory basi faili la heda (lile la .h) ndo halipo, na hapa wengi wanachanganyikiwa maana zlib yenyewe ishakuwemo kwenye mashine, ila vitu vya kukompailia vinakaa paketi ya peke yake yenye -dev mwishoni, kwahiyo piga sudo apt install zlib1g-dev, ndogo hiyo haimalizi bando. Kwenye Fedora paketi hiyo inaitwa zlib-devel.

Hujui paketi gani? Weka apt-file, inayokwambia faili fulani limo paketi gani, halafu sudo apt-file update, hii ndo inakula MB ngojea bando la usiku, kisha apt-file search zlib.h.

Ukiona cannot find -lz, yaani linka (inayounganisha programu yako na laibrari) haiioni zlib, dawa ileile.

Undefined reference je, yaani linka haioni fanksheni uliyoiita? Andika gcc kazi.c -lz, laibrari ikae nyuma ya faili lako, ukiitanguliza linka inaipita kama gari ya shamba iliyojaa. Na msiokoteze mafaili ya .so (laibrari zenyewe) mitandaoni jamani, apt ipo!