Namna ya Kuchagua Kati ya Tafsiri za Zamani na za Kisasa za Biblia ya Kiingereza

Anayetafuta Biblia ya Kiingereza na atenganishe kwanza mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: Kiingereza chake ni cha enzi gani, na watafsiri walitegemea nakala zipi za kale.

Kwa upande wa lugha, ugumu wa King James Version ya mwaka 1611 (ingawa matoleo ya leo kwa kawaida hufuata marekebisho ya 1769) hauko katika maneno mageni, kwa kuwa hayo hutafutwa katika kamusi, bali katika yale tunayodhani tunayajua. Katika 1 Wathesalonike 4:15, "prevent" ni kutangulia, wala si kuzuia. Na katika 2 Wathesalonike 2:7, "let", ambalo leo ni kuruhusu, maana yake ni kuzuia. Msomaji hupita hapo bila kushtuka, akaondoka na maana isiyokuwapo.

Hata hivyo, tafsiri hiyo ina hazina ambayo msomaji wa Kiswahili huitambua upesi, nayo ni kutofautisha wewe na ninyi. Katika Luka 22:31-32, Shetani amewataka "you", yaani wanafunzi wote, lakini Yesu amemwombea "thee", yaani Simoni peke yake. Kiingereza cha leo hutumia "you" kwa wote, na tofauti hupotea isipokuwa watafsiri waongeze neno au tanbihi.

Kuhusu nakala, Agano Jipya la 1611 linafuata maandishi ya Kigiriki yaliyotokana na kazi ya 1516 ya mwanazuoni Erasmus, aliyekuwa na nakala chache za karne za baadaye. Tafsiri za kisasa New International Version na English Standard Version huzipa uzito zaidi nakala za kale, zikiwemo Sinaiticus na Vaticanus za karne ya 4. Ndiyo maana mashahidi watatu wa mbinguni wa 1 Yohana 5:7 (Baba, Neno na Roho Mtakatifu) hawamo katika matini ya tafsiri hizo mbili, na Marko 16:9-20 imewekewa alama ya kuonyesha kwamba haimo katika nakala hizo. Wapo wanaodai kwamba tafsiri za kisasa zimeondoa mistari, lakini hakuna aliyefuta kitu kwa siri. Anayependa maandishi ya Erasmus katika lugha nyepesi anayo New King James Version ya 1982.

Kabla ya kuamua, soma Warumi 3:21-26 kwa sauti katika kila tafsiri, kisha ueleze ulichosoma bila kutazama kitabu. Ile inayokukwamisha usiifanye ya kusoma kila siku. Zaburi za kusomwa ibadani, mimi bado ningezichukua kutoka ile ya zamani.